Wakili wa Marehemu Bibie

Shuka la hospitali hukunjwa na watu wawili. Anayedhani ni kazi ya kitoto ajaribu peke yake, aone litakavyomzunguka mpaka aite watu. Mmoja hushika pembe mbili upande wa ukutani, mwenzake hushika pembe mbili upande wa mlangoni, wanavuta mpaka shuka lipige kelele, wanakunja, wanakunja tena, halafu wanaendeana hadi vidole vyao viguse. Mmoja anapokea, mwingine anainama kuokota mkunjo wa chini. Wanaachana, wanakutana, wanaachana, wanakutana, kutwa nzima. Sasa watu wanaokutana hivyo uso kwa uso tangu asubuhi wataacha kuongea? Waongee nini kama si tamthilia?

Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma kabisa ya hospitali, kati ya stoo ya magodoro na kibanda cha jenereta. Upande wa mashine palikuwa na ngurumo ambayo hata ukitukanwa husikii. Lakini meza za kukunjia zilikuwa chumba cha ndani. Ukifunga mlango kelele inabaki nje, na ndiyo maana wanawake wa chumba kile walikuwa hawaachi mlango wazi hata kwa joto gani.

Humo ndimo alimofanya kazi mwanamke waliyemwita Wakili. Asikudanganye mtu, hakusomea sheria. Alisomea shule ya msingi, akaolewa, akazaa, akafiwa na mume, akaja kukunja mashuka. Jina alipewa kwa sababu kila tamthilia iliyopita kwenye televisheni, yeye alimtetea mbaya. Wenzake wakilia na msichana aliyeonewa, yeye alikuwa upande wa aliyemwonea. Aliwahi kumtetea mganga aliyewageuza wakwe zake kuwa mbuzi. Akasema, "Nyinyi mliwasikia wale wakwe wakiongea? Afadhali mbuzi." Chumba kizima kilicheka mpaka Msimamizi akaja kuuliza nani kafa.

Safari hii tamthilia ilikuwa inaitwa *Nyumba ya Bibie*. Ilionyeshwa kila Jumatano jioni baada ya taarifa ya habari, na kila Alhamisi asubuhi ndipo kesi ilipofunguliwa mezani. Bibie mwenyewe alikufa sehemu ya kwanza kabisa, chai yake haijapoa. Aliacha nyumba kubwa yenye ngazi za mbao na mapazia mekundu, akaacha binti mmoja, akaacha na mtunza bustani mwenye jicho bovu. Kwa jicho hilo hilo bovu, ni yeye peke yake aliyeweza kumwona Bibie akizunguka. Maana Bibie hakwenda. Kila binti yake alipofunga mizigo aondoke, jambo lilitokea. Mara mlango wa mbele umekwama. Mara ufunguo umeyeyuka kama mshumaa. Mara mvua inanyesha sebuleni, nje jua linawaka.

"Hivi kwa nini anafunga mlango wa mbele tu?" aliuliza siku moja Dada wa Pasi, msichana aliyekuwa akinyoosha makoti ya madaktari pembeni. Alikuwa mchumba wa mtu, kwa hiyo aliamini mapenzi yote. "Jikoni si kuna mlango mwingine?"

"Kwa sababu anamjua mwanawe," Wakili akajibu. "Binti anaringa yule. Hawezi kuondoka kwao kwa kupitia jikoni kama mwizi wa sufuria."

"Wapi!" akasema Mama Pacha. "Mlango wa jikoni umechorwa tu ukutani. Hawana hela ya kujenga mwingine."

Mama Pacha ndiye aliyekunja na Wakili. Alikuwa mama wa mapacha waliomtoa mvi kabla ya wakati wake, na alikuwa na mdomo. Wakili naye alikuwa na mdomo. Msimamizi aliwaweka meza moja makusudi, wachoshane wao kwa wao wasiwachoshe wengine.

Sasa kulikuwa na sheria moja ya chumba kile. Upande wa ukutani ndiko kunakovutwa kwa nguvu, na bega huumia. Kwa hiyo Msimamizi aliagiza kila toroli likiisha, wakunjaji wabadilishane pande. Agizo la bega tu. Lakini Mama Pacha, kwa utundu wake, aliliongezea lake: aliye upande wa ukutani anamtetea mtu wa kwenye tamthilia, aliye upande wa mlangoni anamshitaki, na mkibadilishana pande mnabadilishana na maneno. Uliyemlaani kwa toroli zima, sasa umsafishe. Meza zote zikaipenda. Watu walijikuta wakitetea waliowachukia na kuwatukana wapenzi wao, na vicheko vikawa havikatiki.

Wakili peke yake hakubadilisha. Ukutani alikokuwa asubuhi ndiko alikokuwa wakati wa kutoka. "Mimi bega langu limezoea upande huu," alisema. "Nikihama litashituka." Mama Pacha hakujali, upande wa mlangoni ulikuwa mwepesi kwake. Basi ikawa hivyo, wiki nenda wiki rudi, Wakili akimtetea marehemu Bibie bila kupumzika.

"Anamlinda mwanawe," ndiyo ilikuwa hoja yake. "Nyinyi mnaona mzimu, mimi naona mama."

Yeye mwenyewe alikuwa mama wa watatu. Wa kwanza, wa kiume, alitoka akaenda mji mwingine kutafuta kazi kwa muda mfupi tu, na huo muda mfupi ulikuwa haujaisha. Alipiga simu kama mtu anayeongea huku kashika kitasa cha mlango: haya mama, sawa mama, tutaongea mama. Wa pili aliolewa mbali. Aliyebaki nyumbani alikuwa kitinda mimba, msichana wa mikono myeusi ya grisi. Alipokuwa mdogo aliwahi kuifungua redio ya mama yake akairudisha ikiwa na sauti nzuri zaidi, na tangu hapo majirani hawakuacha kumletea feni, pasi, na mafriji yaliyokufa. Barazani kwao palikuwa na mafriji yamesimama kama wageni wasiokaribishwa ndani.

Huyo Kitinda alikuwa amepata nafasi chuo cha ufundi, akasomee majokofu na mitambo ya baridi. Chuo kilikuwa katika mji anakoishi kaka wa Wakili. Bweni hakuna. Chuo kilitaka mwanafunzi aseme atalala wapi, kwa nani, na kama hana pa kulala, nafasi anapewa mwingine. Mwisho wa kusema ulikuwa Ijumaa. Hayo yote Wakili alikuwa ameshamsimulia Mama Pacha mezani.

"Mama, umempigia mjomba?"

"Nampigia, hapatikani."

Kesho yake: "Mama, mjomba je?"

"Mwanangu, mjomba wako na hiyo simu yake! Kila siku haina chaji. Ngoja mvua zipungue, huenda mtandao ukakaa sawa."

Kesho yake tena: "Mama."

"Kwanza viatu vyako hivyo utaendea wapi? Tuanze na viatu."

Nikuambie ukweli ambao Kitinda hakuujua: Wakili hakuwa amepiga. Hata mara moja. Alikuwa akiishika simu, analitazama jina la kaka yake, halafu anakumbuka ana nguo kwenye kamba. Hakusema moyoni mwake kwamba anamzuia mtoto. Angekasirika ungemwambia hivyo. Alisema tu kwamba atapiga baadaye, na baadaye ile ilikuwa ikisogea mbele kila alipoifikia.

Jumatano jioni wakatazama *Nyumba ya Bibie*, mama na binti, kila mmoja na kikombe chake. Binti wa Bibie alikuwa amekodi gari. Gari likafika, mizigo ikapakiwa, dereva akawasha. Magurudumu yote yakazama ardhini, taratibu, mpaka milango ya gari ikawa haifunguki. Binti akatoka kwa kupitia dirisha la gari huku analia, akarudi ndani, akaanza kutundika nguo zake kabatini moja moja. Na juu ya ngazi Bibie alikuwa amesimama. Mtunza bustani akamwona akitabasamu.

"Angalia mama huyo," alisema Kitinda. "Anatabasamu."

"Si tabasamu. Kuna watu uso wao umekaa hivyo."

Kitinda aliweka kikombe chini, akasema, "Kesho kutwa ni Ijumaa, mama," akaenda zake barazani kwenye friji la jirani.

Alhamisi asubuhi chumba cha ndani kilikuwa kimechemka. Hata watu wa mashine walikuja kusimama mlangoni dakika mbili tatu kabla ya kurudi kwenye ngurumo yao.

"Ile ni tamaa ya nyumba," Dada wa Pasi alikuwa akisema, pasi inatoa mvuke kama yeye mwenyewe. "Anaogopa binti akiondoka, nyumba itauzwa."

"Maiti atafanyia nini nyumba, mwenzangu?" akadakia Mama Pacha. "Mimi nasema ni kisasi. Binti hakulia msibani. Mliona machozi? Alikuwa anajipangusa pua tu."

"Hamjui kitu nyinyi," akasema Wakili kutoka ukutani, shuka limekaza mikononi mwake. "Anamlinda. Yule dereva mlimwona macho? Bibie ameona mbali."

"Mtunza bustani je? Kwa nini hamwambii binti ukweli kwamba mama yake yumo ndani?" akauliza Dada wa Pasi.

"Akimwambia atafukuzwa kazi," Mama Pacha akasema. "Na pale analipwa hata kwa miti iliyokauka. Wewe ungesema?"

Msimamizi akaingia. Alikuwa mwanamume mnene mwenye hatua laini, na siku zote alidai kwamba tamthilia yeye haangalii, ni mke wake ndiye anashika rimoti. "Mimi naona," akasema, "yule Bibie hajui kama amekufa."

Wote wakamgeukia.

"Mke wangu ndiye anasema," akaongeza haraka. "Haya, toroli limeisha. Badilishaneni."

"Tunaendelea hivi hivi," akasema Wakili.

"Leo hapana," akasema Mama Pacha, akiwa ameshika bega lake. "Nimelala vibaya, wale watoto wamenikaba usiku kucha utafikiri tunapigana mieleka. Nataka niegemee ukuta kidogo. Hama, mama."

"Bega langu..."

"Bega lako lina afya kuliko mimi na mapacha. Hama!"

"Hama, hama!" meza nyingine zikashangilia. Msimamizi naye akaonyesha kwa kidole, maana amri ni amri. Wakili akasonya, akazunguka meza, akashika pembe za shuka upande wa mlangoni.

"Haya," akasema Mama Pacha kutoka ukutani, akikohoa kusafisha koo kama hakimu. "Mimi sasa ndiye mtetezi. Waheshimiwa, Bibie ni mama mwema, anamlinda mwanawe. Mshitaki aseme."

Wakili akavuta shuka. "Sina la kusema. Hajakosa."

"Sheria ni sheria."

"Basi... ni mbaya. Anafunga milango. Nimemaliza."

Kicheko. "Wakili kaishiwa!" akapiga kelele Dada wa Pasi. "Jamani, leo nimeona! Kumbe anajua wimbo mmoja tu!"

Ungekuwa wewe ungenyamaza. Wakili hakuwa mtu wa kunyamazishwa na msichana wa pasi ambaye hata harusi yake haijapangwa. Alitupa kichwa nyuma, akaanza.

"Mnataka kusikia? Sikilizeni basi. Anasema anamlinda. Anamlinda na nini? Nje ya ile nyumba tumeonyeshwa nini? Tumeonyeshwa simba? Hatukuonyeshwa. Tumeonyeshwa barabara na watu wanaenda kazini. Bibie mwenyewe hajui nje kuna nini, kwa sababu hajawahi kutoka kwenda kuangalia. Ameketi juu ya ngazi, ameamua."

Wakaendeana, vidole vikagusana, wakaachana.

"Halafu angalieni visababu vyake. Wiki hii mlango. Wiki ijayo ufunguo. Wiki nyingine mvua. Jana gari. Mtu mwenye sababu moja ya kweli huisema hiyo moja, akamaliza. Huyu ana mpya kila Jumatano, kwa nini? Kwa sababu ile ya kweli hataki kuisema."

"Ni ipi?" akauliza Mama Pacha. Alikuwa amesahau kwamba yeye ndiye mtetezi.

"Ni woga! Si mapenzi, si kisasi, si nyumba. Woga mtupu. Anaogopa zile ngazi zikiwa kimya. Amekufa mzima mzima na bado anaogopa kukaa peke yake! Na badala ya kumwambia binti, 'Mwanangu, naogopa,' neno moja tu, anaona bora azamishe gari la watu. Anamwacha mtoto adhani ulimwengu ndio umemkataa. Mtoto analia, anasema sina bahati, milango yote imenifungia, na aliyeifunga yuko pale pale nyuma yake, anamwangalia akitundika nguo kabatini. Tena..."

Chumba kizima kilikuwa kimepiga makofi kabla hajamaliza, na mtu mmoja akapiga kigelegele. "Amehukumiwa! Bibie ndani!" Dada wa Pasi alikuwa akirukaruka na nusura aunguze koti la daktari. Lakini Mama Pacha alikuwa akiangalia shuka, maana upande wa pili lilikuwa limeanguka chini. Wakili alikuwa amesimama, mikono bado iko hewani kama imeshika kitu.

Kelele zilipotulia na kila meza ikarudi kwenye maneno yake, Mama Pacha akaliokota lile shuka, akamfuata, akamrudishia pembe zake mkononi.

"Na mjomba mtu," akauliza polepole, "amepatikana?"

"Hapatikani."

"Hapatikani, au hajapigiwa?"

Wakili akazipanga pembe za shuka, akazipanga tena.

"Sikusemi mimi," akasema Mama Pacha. "Mimi na wale wangu wawili, siku wakitaka kuondoka nitaangusha nyumba nzima, siyo kuzamisha gari. Nakuuliza tu. Kesho si ndiyo Ijumaa?"

"Kunja shuka," akasema Wakili.

Wakakunja. Walikunja mpaka zamu ikaisha, na hakuna aliyemtaja Bibie tena.

Jua lilikuwa bado lipo alipofika nyumbani. Kitinda alikuwa barazani, amepiga magoti nyuma ya friji, bisibisi iko mdomoni. Wakili hakuweka hata mkoba chini. Akaketi kwenye kigoda, akatoa simu, akaweka sauti ya nje ili asije akapata nafasi ya kusema uongo mwingine. Akapiga.

Ililia mara moja tu.

"Dada!" Sauti ya mjomba ilijaza baraza. "Leo umenikumbuka? Nilidhani umebadilisha ukoo!"

Kitinda akatoa bisibisi mdomoni.

"Simu yako inapatikana," akasema Wakili, kwa udhaifu.

"Ilikuwa haipatikani lini? Naenda nayo mpaka chooni, muulize wifi yako. Wewe ndiye hupigi. Hata kunibip hunibip, dada yangu!"

Wakili alimtazama binti yake, na binti yake alikuwa akimtazama. Yule mtoto hakuwa mjinga. Alikuwa amezoea kutafuta hitilafu ilipo, na hii alikuwa ameshaiona.

"Kaka," akasema Wakili, "mpwa wako amepata chuo huko kwenu. Cha mafriji. Anahitaji pa kulala, na chuo kinataka kujua kesho. Nilitakiwa nikuulize mapema. Sikuuliza. Sasa nakuuliza."

Wakasikia akimwita mkewe, wakasikia mkewe akijibu kwa mbali, wakasikia kitu kama kicheko.

"Kuna chumba cha wanangu wa kike," akasema mjomba. "Watabanana watatu. Na mimi nakoroma, nasema mapema asije akalalamika. Ila wifi yako ana sharti."

"Sharti gani?"

"Tuna friji lilikufa zamani. Sasa hivi anawekea mablanketi. Anasema mtoto akilifufua atakula kabla ya mwenye nyumba."

"Ni la aina gani?" Kitinda akauliza. Lilimtoka tu. Kisha akakumbuka amekasirika, akafunga mdomo. Mjomba alikuwa ameshaanza kueleza sauti ambayo friji lilitoa kabla ya kufa, anaiiga kwa koo, na ikabidi asikilizwe mpaka mwisho.

Simu ilipokatika, Kitinda alirudi nyuma ya friji. Bisibisi ilizunguka kwa hasira. Skrubu moja ikaanguka ikaviringika mpaka miguuni pa mama yake, na hakuna aliyeiokota.

"Kwa nini?" akauliza kutoka kule nyuma.

Hapa ndipo ungetegemea hotuba. Mwanamke aliyewatetea wachawi na wauza sumu, aliyekuwa na hoja kwa kila muuaji wa kwenye televisheni. Wakili alizitafuta zile hoja. Zilikuwepo, zimejipanga: mji ule una wahuni, mafunzo yenyewe ni ya wanaume, mtoto bado mdogo. Akaziangalia moja moja akaona zote ni za Jumatano.

"Nikitoka kazini usiku," akasema, "nikikata kona pale kwa fundi viatu, naona taa yetu inawaka. Kabla sijafika najua kuna mtu. Sikutaka kukata kona nikute giza."

Bisibisi ikaacha kuzunguka.

"Ndiyo hiyo tu. Hakuna nyingine. Kaka yako aliondoka, dada yako akaondoka, nikabaki naitazama taa. Naogopa, mwanangu. Ungeniuliza jana ningekwambia ni viatu."

"Nilikuwa nadhani mjomba hanitaki," akasema Kitinda. Sauti yake ilikuwa imepanda. "Wiki zote hizi. Nimelala hapo ndani nafikiria nimemkosea nini mjomba. Nilitaka kuwaandikia chuo wampe nafasi mtu mwingine. Leo. Nilikuwa nimalize tu friji hili niende."

"Najua."

"Hujui, mama!"

"Basi sijui."

Alilia kidogo, yule msichana, kule nyuma alikodhani haonekani, akijipangusa kwa mkono wa grisi. Wakili hakumwendea. Alitaka sana kumwendea, lakini aliona akimkumbatia sasa atakuwa anaomba tena kitu. Akainama akaokota skrubu. Akamnyooshea juu ya friji. Baada ya muda mkono mweusi ukatokea, ukaichukua.

"Taa hiyo," Kitinda akasema mwishowe, pua imeziba, "ina swichi. Unaweza kuiwasha mwenyewe asubuhi ukitoka."

"Umeme upotee bure mchana kutwa?"

"Nitakufungia ile inayojiwasha yenyewe giza likiingia. Si kazi. Waya ninayo."

"Haitakuwa mtu."

"Haitakuwa mtu," Kitinda akakubali. "Lakini hutakuta giza."

Wakili alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, lakini kilitoka.

Ijumaa hiyo zamu yake ilikuwa ya mchana, asubuhi yuko nyumbani. Alikuwepo binti alipopiga simu chuoni. Alisimama mlangoni, mikono kifuani, akamsikia mtoto wake akitaja jina la mjomba, mtaa wake, jina lake mwenyewe, kwa sauti ya kazini ambayo hakuwahi kuisikia. Ndiyo. Ndiyo, mwalimu. Ndiyo, ninazo. Kisha akakata simu.

"Wamesema niripoti Jumatatu."

Mdomo wa Wakili ulifunguka wenyewe. *Jumatatu mabasi huwa yanajaa*, ndivyo ulivyotaka kusema. *Bora wiki ijayo.* Maneno yalikuwa yameshafika kwenye meno. Akayameza.

"Begi la kaka yako zipu imekufa," akasema badala yake. "Twende tukatafute jingine kabla sijaenda kazini."

Kitinda alimkazia macho, akamchunguza, akaangalia kama hiyo zipu nayo ni kisababu. Akaingia ndani, akalitoa begi chini ya kitanda, akaivuta zipu. Kweli ilikuwa imekufa.

"Haya," akasema, akachukua viatu vyake. "Ila twende haraka, mama. Wewe ukiingia dukani huna mwisho."

"Mimi?" akasema Wakili, huku anafunga mlango. "Mimi nabishana bei tu."